Gari la Mjerumani, bia sita na trafiki: mbona Ulaya wanakunywa kutuzidi ila barabarani wanakufa wachache?

Kila ikitokea ajali mbaya ya gari kubwa la Kijerumani, iwe Morogoro Road au Mombasa Road, mabishano huwa ni yale yale. Mmoja atasema lile gari haliui, Mzungu katulia katengeneza, ni dereva tu alikuwa kalewa. Mwingine atamjibu magari ya Ulaya ya siku hizi plastiki tupu, bora Mjapani. Wa tatu anafunga na ile ya kila siku, kwamba wenzetu Ulaya hawafi hovyo barabarani kwa sababu hawanywi wakaendesha, wana nidhamu ya kuzaliwa nayo. Hapo kuna mambo matatu tofauti yamechanganywa, kila moja lina nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ndo inayotugharimu hela na saa nyingine roho.

Tuanze na gari lenyewe. Mtu akikwambia gari la Ulaya lina ubora muulize ubora upi, maana viko vitatu na havitembei pamoja. Kuna uimara, yani gari kukaa miaka bila kukulaza gereji. Kuna usalama, yani mkigonga, nani anatoka mzima. Na kuna utamu, ule utulivu wa gari kwenye 120, mlango unavyofunga kwa sauti nzito, siti, ngozi, dashibodi. Mjerumani ni bingwa wa utamu, hilo tusibishane. Kwenye usalama Ulaya wana historia ndefu na wako mbele. Kwenye uimara ndo kuna maneno, maana ripoti za wateja kwa miaka mingi zimekuwa zikiwaweka Wajapani juu, Toyota na Lexus hasa, huku majina makubwa ya Ulaya yakigombania nafasi za katikati na chini. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akanunua gari tamu sana, salama sana, na likamfilisi.

Usalama kwanza, maana hapa sifa wanastahili. Mwaka 1959 peke yake yalitokea mawili makubwa. Mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alileta mkanda wa pointi tatu, huu huu tunaofunga leo, na Volvo wakaacha watengenezaji wengine wautumie bila kuwadai. Mwaka huo huo Mercedes wakatoa zile gari zao zenye mapezi nyuma, zilizobeba wazo la Béla Barényi kwamba gari lisiwe gumu kote, mbele na nyuma pakunjike, katikati wanapokaa watu pabaki pagumu. Mpaka leo watu wengi mtaani hawajalielewa hili wazo. Gari linagonga nguzo, pua yote inakunjamana, watu wanapiga picha wanasema ona bati lake bovu. Ile pua imekunjwa makusudi, imekula nguvu ya kishindo ambayo ingeishia kwenye kifua chako. Gari la zamani lililogonga likabaki na bampa limenyooka lilikuwa linahamishia kishindo chote kwa abiria.

Sasa nyota. Unasikia mtu anajisifu "gari langu lina nyota tano". Nyota hizi maarufu zinatolewa na Euro NCAP, ambao walianza kutoa matokeo 1997, wanachukua gari jipya wanaligongesha makusudi likiwa na masanamu ndani, wanapima. Mwanzoni viwanda vililalamika sana, vikasema nyota nne ni ndoto hakuna gari litakalofika huko, na miezi michache baadae Volvo S40 ikazipata. Upande wa pili Rover 100, kigari kilichokuwa kinauzwa sana Uingereza, kikapata nyota moja, picha zikaonyesha sehemu ya dereva ilivyobomoka, na hakikudumu tena sokoni. Nyota tano za kwanza alipata Renault Laguna mwaka 2001.

Ila nyota zina mwaka wake, na hapa ndo tunapopigwa. Mfano mzuri kuliko yote ni Fiat Punto. Mwaka 2005 ilipata nyota tano. Ikaendelea kutengenezwa ile ile na mabadiliko madogo madogo, mwaka 2017 wakaipima tena kwa vipimo vya wakati huo, ikapata sifuri. Siyo kwamba Waitaliano walianza kutumia bati jepesi, vipimo ndo vilipanda, gari likabaki lilipokuwa. Kwa hiyo ukinunua gari la 2008 la nyota tano, hizo ni nyota za 2008. Na jambo la pili, jaribio lile la kugonga kwa mbele lilikuwa linafanywa kwa kilomita 64 kwa saa. Siyo 120. Nguvu ya kishindo haipandi sambamba na spidi, inapanda kwa mraba wake, yani kutoka 64 kwenda 120 kishindo kinakuwa zaidi ya mara tatu na nusu. Hakuna kiwanda duniani kilichokuahidi chochote kwenye 120 uso kwa uso na lori la Tunduma, na yule anayesema "hili gari haliui" anaongelea kitu ambacho hata waliolitengeneza hawajawahi kukisema.

Kuna kisa kimoja nakipenda sana. Oktoba 1997 Mercedes walikuwa ndo wametoa kigari chao kidogo, A-Class. Jarida la Sweden linaloitwa Teknikens Värld likakipeleka kwenye jaribio lao la kukwepa, dereva anakuja kwa kama kilomita 60 kwa saa anakata ghafla kushoto kisha kulia, kama vile mnyama karuka barabarani, maana Sweden wana wale paa wakubwa wa msituni wanaosababisha ajali nyingi. A-Class ikapinduka. Mercedes! Dunia nzima ikacheka. Baada ya kujitetea kidogo wakasimamisha kuwapelekea wateja magari, wakarekebisha springi na matairi, na wakafunga ESP kwenye kila A-Class. ESP ni kompyuta inayogundua gari linaanza kuteleza nje ya pale usukani unapoelekea, inabana breki ya tairi moja moja kulirudisha, bila dereva kufanya lolote. Kabla ya hapo hicho kitu kilikuwa cha magari ya matajiri tu, Mercedes na Bosch walikitoa 1995 kwenye S-Class. Baada ya aibu ile kikaanza kushuka kwa watu wa kawaida, na kuanzia Novemba 2014 kila gari jipya Umoja wa Ulaya lazima liwe nacho. Wabongo wengi taa yake ikiwaka kwenye dashibodi fundi anachomoa balbu, kazi imeisha.

Haya, uimara. Kwanza tuondoe uongo kwamba magari ya Ulaya hayajawahi kuwa imara huku kwetu. Safari Rally, ile ya enzi zile za matope na vumbi za Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ya mgongo wa kobe imeshinda, Mercedes wameshinda 1959 na 1960, Peugeot 404 imeshinda 1963 halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na 504 ikaja kushinda 1975 na 1978. Wazee wanaoisifia Peugeot hawaoti. Ile 504 ilikuwa inaunganishwa Mombasa, ina springi laini ndefu, iko juu, injini rahisi ambayo fundi wa kijijini anaifungua kwa spana tano. Kilichobadilika ni kwamba gari la Ulaya la leo limetengenezewa maisha ya Ulaya ya leo, na mwenyewe anategemewa kuishi hivyo.

Maisha gani hayo? Gari linakwenda sevisi kwa ratiba, linawekwa oili ya aina ile ile iliyoandikwa kitabuni, kulanti ni kulanti na siyo maji ya bomba, na likifikisha miaka mitatu serikali inaanza kulikagua. Uingereza ukaguzi ni kila mwaka, Ujerumani kila miaka miwili, wanakagua breki, moshi, kutu, taa, ukishindwa hutembei. Injini ndogo yenye tabo inayotoa nguvu kubwa ikipata hayo yote inakwenda vizuri. Iletee oili ya ndoo isiyojulikana, foleni ya masaa mawili Ubungo kwenye joto la nyuzi 33, rejeta yenye vumbi, na vile viungio vya plastiki vya mfumo wa kupoza ambavyo Mjerumani anavipenda sana sijui kwa nini, halafu tuone. Injini inachemka, gasketi inakwenda, unaambiwa spea iko Dubai.

Dizeli nazo zina lao. Kuanzia kiwango cha moshi cha Ulaya kinachoitwa Euro 5, mwaka 2009 hivi, dizeli za Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na lile chujio linajisafisha kwa kuchoma masizi likipata moto wa kutosha, yani safari ndefu ya barabara kuu. Dereva wa Ujerumani anapanda Autobahn, zile barabara kuu zao za mwendo kasi, kila siku, linajisafisha lenyewe. Wewe unatoka Sinza unaenda Posta gia ya kwanza na ya pili, chujio linaziba, taa inawaka, gari linakataa kuvuta, fundi anakwambia tulitoboe. Giaboksi pia. Volkswagen wenyewe mwaka 2013 waliita magari zaidi ya milioni moja na nusu duniani yenye ile giaboksi ya DSG ya gia saba ya klachi kavu ili wabadilishe oili ya sintetiki waweke ya kawaida, na tatizo lilikuwa linajitokeza zaidi kwenye nchi za joto na unyevu. Sasa nchi ya joto, unyevu na foleni unaijua.

Na kuna hili la gari lililochoka. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto kwa hiyo hata gari la Mjerumani tunalonunua mara nyingi limetokea Japani au Uingereza. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia, wao wanaweza kuchukua moja kwa moja kutoka Ubelgiji na Ujerumani. Kwa vyovyote vile, mtu wa Ulaya hauzi gari kwa sababu amekuonea huruma. Mwaka 2020 Waholanzi walichunguza magari yao ya mtumba yanayoenda Afrika, wakakuta kwa wastani yana miaka kama 18 na kilomita zaidi ya laki mbili, mengi hayana hata cheti halali cha ukaguzi. Ukilinunua hilo ukasema "Ulaya wana magari imara" au "Ulaya wana magari mabovu", zote mbili si kweli, hujaliona gari la Ulaya, umeliona lililobaki.

Tuje kwenye chupa. Hapa ndo kuna upotoshaji mkubwa kuliko wote. Ulaya hawanywi? Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kanda ya Ulaya ndo inaongoza dunia nzima kwa unywaji, lita 9 na ushee za pombe halisi kwa mtu mmoja kwa mwaka, mara mbili ya Afrika. Na wanaendesha wamelewa vile vile, Tume ya Ulaya inakadiria kama robo ya vifo vya barabarani kwenye Umoja wa Ulaya vinahusiana na pombe. Tena kuna kitu kitakushangaza: Ujerumani na Uingereza hakuna sheria inayosema dereva wa kawaida asinywe bia usukanini. Kunywa chupa mkononi huku unaendesha siyo kosa lenyewe kama lenyewe, kosa ni kuvuka kiwango, au kushindwa kulimudu gari. (Cha kuchekesha magari yao mengi ya miaka ya 80 na 90 hayakuwa hata na pa kuwekea kikombe, mpaka wateja wa Marekani walipopiga kelele. Mjerumani aliona dereva kazi yake ni kuendesha.)

Kiwango ni nini basi? Ni kiasi cha pombe kwenye damu, na namba zake zinachanganya watu kwa sababu kila nchi inaandika kivyake. Fuatilia hapa taratibu. Uingereza, ukiondoa Scotland, kikomo ni miligramu 80 za pombe kwenye mililita 100 za damu. Wengine hiyo hiyo wanaiandika 0.08, ndo ilivyo Tanzania. Wajerumani wanahesabu kwa elfu, wangeiita promili 0.8. Na kwa kuwa trafiki hawezi kukutoa damu barabarani anakupulizisha, na pumzi ina pombe kidogo sana kuliko damu, Waingereza wanahesabu mara 2,300, kwa hiyo 80 ya damu inakuwa mikrogramu 35 kwenye mililita 100 za pumzi. Hiyo 35 Mkenya anaijua, ndo ile ya alkoblo, kipima ulevi cha kupuliza, kwenye sheria ya Kenya. Kumbe 35, 80, 0.08 na 0.8 ni kitu kimoja. Mtu asikutishe kwamba Kenya wana 35 na Ujerumani wana 0.5 kwa hiyo Kenya wamelegeza mara sabini.

Sasa ukizipanga kwa kipimo kimoja: Uingereza 0.8, ndo walegevu kuliko karibu wote Ulaya. Scotland walishuka 0.5 mwaka 2014. Ujerumani, Ufaransa, Italia 0.5. Sweden, Norway na Poland 0.2. Czech, Slovakia, Hungary na Romania sifuri. Dereva mpya Ujerumani, miaka miwili ya mwanzo au chini ya miaka 21, naye ni sifuri. Na hiyo 0.5 ya Ujerumani siyo ruhusa ya kunywa mpaka hapo, kuanzia 0.3 ukisababisha ajali au ukionekana unayumba unashtakiwa jinai.

Hizi namba kwa chupa ni ngapi? Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 za pombe. Mwanaume wa kilo 75 akiinywa haraka inampeleka kama 0.4. Mwanamke wa kilo 60 chupa hiyo hiyo moja inaweza kumvusha 0.5, maana mwili wake una maji kidogo ya kuichanganya pombe. Kuna vijana wanasema "mimi bia mbili hazinifanyi kitu", sawa, haulewi, ila damu haiangalii kama umezoea. Uzoefu unabadilisha unavyojisikia, hesabu iko pale pale.

Halafu kuitoa. Ini ni kama dirisha moja la benki lenye karani mmoja, foleni iwe ya watu watatu au thelathini spidi yake ni ile ile, wastani wa 0.15 kwa saa. Kahawa haimuharakishi karani. Supu ya kongoro, maziwa, maji ya baridi, bigijii, kutapika pombe ikishaingia kwenye damu, kulala dakika ishirini kwenye siti ya nyuma, hakuna hata kimoja. Kahawa inakufanya mlevi aliye macho, basi. Kula kabla ya kunywa kunasaidia pombe iingie polepole, hilo kweli, ila ikishaingia imeingia.

Chukua jamaa wa kilo 75 aliyeanza saa mbili usiku, kapiga bia sita kubwa mpaka saa nane usiku. Zile sita ni gramu 120, zingempeleka 2.3, masaa sita yale ini limepunguza 0.9, kwa hiyo anasimama mezani na 1.4. Anaenda kulala, anaamka saa kumi na mbili, anaoga, anapiga mswaki, anakunywa chai, saa moja asubuhi anashika usukani kupeleka watoto shule. Bado ana kama 0.65. Kwa Dar yuko ndani ya sheria, kwa Berlin anapigwa euro 500, pointi mbili za makosa kwenye rekodi yake na mwezi mzima bila kuendesha, kwa Stockholm ni jinai. Huyu siyo yule mlevi wa kwenye mabango, ni baba wa watu amevaa tai, na Ulaya polisi wanapenda sana kusimama barabarani asubuhi ya Jumapili na baada ya sikukuu kumsubiri yeye.

Basi kama wanakunywa hivyo, nidhamu wameitoa wapi? Hawakuzaliwa nayo. Mwaka 1970 Ujerumani zote mbili ukizijumlisha walikufa watu zaidi ya 21,000 barabarani, mwaka 2023 walikuwa karibu 2,800, na magari yameongezeka maradufu na zaidi. Miaka ya 50 mahakama za Ujerumani Magharibi zilikuwa zinakuhesabu huwezi kuendesha ukifika promili 1.5, baadae wakashusha 1.3, ile 0.8 ilikuja 1973. Ufaransa nao 1972 walipoteza watu zaidi ya 16,000 kwa mwaka. Mji mmoja mdogo wa kusini unaitwa Mazamet ulikuwa na wakazi karibu idadi hiyo hiyo, basi tarehe 17 Mei 1973 wakazi wakatoka wakalala chini mitaani, wazee kwa watoto, wamejinyoosha juu ya lami, televisheni inapiga picha, ili Wafaransa waone kwa macho watu wanaokufa kwa mwaka ni mji mzima. Leo Ufaransa bara ni kama 3,200 kwa mwaka.

Mkanda ndo unaonyesha vizuri tabia inatoka wapi. Ujerumani Magharibi walilazimisha kufunga mkanda siti za mbele Januari 1976, ila bila faini. Watu wakabishana, mkanda utanifungia ndani gari likiwaka moto, mkanda unakunja nguo, wengi tu hawakufunga. Agosti 1984 wakaweka faini ya mark 40, na waliokuwa wanafunga wakapanda wakazidi asilimia 90. Hizo ni hela za kuweka mafuta ya siku chache, zikafanya kazi ambayo mahubiri ya miaka minane hayakuifanya. Uingereza kipima ulevi kilianza Oktoba 1967 chini ya waziri Barbara Castle, mama ambaye mwenyewe hakuwa anaendesha gari, na alitukanwa na wenye baa na kutishiwa maisha.

Sasa angalia hizi za 2023, vifo kwa kila watu milioni moja. Umoja wa Ulaya kwa wastani 46. Sweden 22. Romania 81. Uingereza, yenye kikomo kilegevu cha 0.8, kama 25. Yani Romania ambako kikomo ni sifuri kabisa, wanaouziwa Golf na Renault zile zile na sheria za viwanda zile zile, wanakufa karibu mara nne ya Waswidi na zaidi ya mara tatu ya Waingereza. Hii namba moja inaua hoja zote mbili za kijiweni. Siyo chapa ya gari peke yake, na siyo ukali wa sheria kwenye karatasi. Romania wana barabara nyingi za njia mbili zinazopita katikati ya vijiji, magari mengi makuukuu, na spidi. Mtu wa Iringa au Nakuru hapo anaelewa bila kuelezwa.

Sweden walifanya nini? Mwaka 1997 bunge lao lilipitisha kwamba lengo ni kutokufa mtu, na badala ya kumlaumu dereva peke yake wakakubali binadamu atakosea tu, barabara ndo isimuue. Wakachukua zile barabara pana za njia mbili, wakazigawa njia tatu, upande mmoja una mbili upande wa pili una moja, zinapeana zamu kila kilomita kadhaa, katikati wakaweka uzio wa waya. Ukisinzia unagonga waya, hugongi basi lenye watu 50. Vifo vya uso kwa uso kwenye barabara hizo karibu viishe. Mjini 30 kwa saa, makutano yakawa raundi abauti. Vitu vya bei ya kawaida tu, na sisi kwa maoni yangu hapa ndo tungeweza kuiga bila kusubiri kila mtu awe na gari jipya, maana ajali zetu kubwa za mabasi nyingi ni za kuovateki.

Kingine ni uhakika wa kukamatwa. Finland polisi wanaziba barabara kila anayepita anapuliza, hata kama unanuka sabuni tu, na faini kubwa zinakwenda kwa kipato. Mfanyabiashara tajiri, Anders Wiklöf, mwaka 2023 alikwenda 82 kwenye eneo la 50 akapigwa euro 121,000. Huyo hawezi kumwambia askari "tumalizane hapa hapa". Hela ya soda ndo inayoifanya sheria yetu ya 0.08 iwe bei badala ya kikomo.

Autobahn nayo inatajwa sana, mbona hawana spidi limiti na hawafi? Sehemu kubwa haina kikomo kweli, kuna ushauri tu wa 130, ila Wajerumani wengi wanafia kwenye barabara za vijijini za njia mbili, siyo Autobahn. Autobahn haina bodaboda, haina mbuzi, hakuna anayekuja mbele yako, na njia ya kushoto ni ya kuovateki tu, ukikaa hapo unatalii unamulikwa taa mpaka uhame. Na leseni ya kwao ni kazi, masomo 14 ya darasani ya dakika 90 kila moja, lazima uendeshe usiku, uendeshe Autobahn, gharama siku hizi ni euro elfu mbili na zaidi.

Ukihamia Ujerumani, leseni yako ya Tanzania au Kenya inakubalika miezi sita tangu uanze kuishi huko, baada ya hapo unafanya mtihani wa nadharia kwa Kijerumani au lugha nyingine wanazoruhusu, Kiingereza kipo, Kiswahili hakipo, na ule wa barabarani ni kwa Kijerumani. Na ukikamatwa na promili 1.6 unapelekwa kwenye tathmini ya afya na akili, wenyewe kwa utani wanauita mtihani wa wajinga, unakaa na mwanasaikolojia anakuhoji kwa nini unakunywa, na mara nyingi unatakiwa kuthibitisha kwa vipimo vya nywele au mkojo kwamba hujagusa pombe mwaka mzima. Hii inamhusu hata aliyekuwa kwenye baiskeli. Kuna watu wameitwa huko hawajawahi kumiliki gari.